Kipini cha Sura ya Kumi na Nane

Sura ya kumi na nane ya *Umwagiliaji katika Nyanda za Juu, Juzuu la Pili* ilikuwa imefika dakika ya ishirini na moja, pale mfereji wa Kadambwadi unapogawanyika matawi mawili, Ketaki Jogalekar aliposikia kitu kikigonga. Tik. Kisha tena, tik. Sauti ya msomaji ikakatika, kitambaa kikakwaruza, na maneno yakaanza kuja kwa mbali kidogo, kama ya mtu anayesemea ndani ya mto.

"Kipini gani hiki cha balaa! Kila nikisema 'mfereji' kinagonga simu. Hebu kaa humo kwanza."

Ting. Shhh. Kifuniko kikabanwa. Kitambaa kikakwaruza tena, na mfereji ukaendelea na safari yake.

Ketaki alicheka peke yake chumbani. Hakujua kwamba ting ile itamtoa jasho.

Msomaji aliitwa Padmaja Sohoni, lakini hakuna aliyemwita hivyo. Alikuwa Kaku, kama unavyomwita mke wa baba yako mdogo, na alikuwa Kaku wa kila mtu. Aliishi mtaa wa Sadashiv, katikati ya mji wa Pune, na mumewe Nana, karani mstaafu wa posta, pamoja na Revati, mke wa mwanawe. Mwana mwenyewe alikuwa melini, fundi wa injini, akirudi mara moja kwa miezi minane na kulala. Kaku alijitolea kuisomea Maktaba ya Sauti, ambayo huwaazima wasioona vitabu vilivyorekodiwa. Kitabu hicho cha umwagiliaji kilikuwa kimekataliwa na wasomaji sita kabla yake. Mmoja alimwambia meneja wa maktaba kwamba kinamuumiza macho, jambo ambalo si la kumwambia mtu anayetumia fimbo nyeupe.

Kaku hakukataa. Kila mchana, mji wote ukiwa umejilaza, aliweka simu mezani, akabonyeza kitufe alichoelekezwa, akasoma kwa sauti ya kengele. Tatizo lilikuwa moja tu. Zamani Kaku alifuga kasuku, na kasuku ukimfunika kitambaa hunyamaza. Basi kwa akili yake simu nayo ni hivyo hivyo: ukitaka isisikie, ifunike. Kwa hiyo kila alipotaka kusema la moyoni alitupia simu kitambaa cha jikoni, akasema. Simu ilisikia kila neno, na wasikilizaji pia.

Mwanzoni Milind, meneja wa maktaba, alikuwa akikata vipande hivyo. Kisha Mzee Apte, mtengeneza vinanda mstaafu ambaye hajaona tangu kuzaliwa, aliazima kitabu hicho kwa makosa akitafuta cha muziki. Milind alikuwa amesahau kuikata sura ya tatu. Mzee Apte akamsikia Kaku akimchambua muuza maziwa kwa dakika nne nzima bila kurudia tusi. Akawapigia simu rafiki zake. Rafiki zake wakawapigia rafiki zao. Milind alipoikata sura ya nne wakamjia juu: "Unatusomea vipande? Sisi ni watoto?" Tangu siku hiyo hakukata tena; sura iliyosomwa mchana, jioni ilikuwa kwenye simu za waazimaji. Kitabu cha umwagiliaji kikawa na waazimaji thelathini na wanane, kikizipita hadithi zote za upelelezi. Milind aliandika kwenye taarifa ya mwaka kwamba wasioona wa Pune wana kiu kubwa ya elimu ya mifereji. Kaku akaitwa jukwaani, akavishwa shali na kukabidhiwa nazi ya heshima, akalia. "Sikujua," alisema, "kwamba wanangu hawa wanapenda maji namna hii."

Kati ya wote, aliyekihitaji kitabu chenyewe alikuwa mmoja tu, Ketaki. Alipoteza uwezo wa kuona taratibu tangu akiwa na miaka kumi na tisa, na sasa alikuwa amebakiza siku kumi na mbili kufanya mtihani wa maofisa wa ardhi wa jimbo. Maswali ya somo la maji yalitoka ndani ya juzuu hilo, na hakuna aliyewahi kulichapa kwa nukta nundu. Mtihani ulikuwa nafasi yake ya mwisho. Baba yake, kule Kolhapur, alishatoa kauli: akishindwa safari hii, arudi nyumbani akakae kwenye duka la viatu la mjomba, apokee simu. "Kipofu ana pua nzuri," baba alisema kwa upendo wote. "Utatutambulia ngozi mbovu."

Ketaki hakutaka kunusa ngozi. Alitaka sura ishirini na tisa. Alikuwa na kumi na nane.

Kumfuata Kaku kulikuwa na madhara yake. Kaku alisoma huku sufuria ya presha ikiwa jikoni, na alihesabu filimbi zake bila kusimama. Kwenye mtihani wa mazoezi Ketaki alimwambia mwandishi wake, anayemwandikia majibu, kwa ufasaha na bila kusita: "Ukuta wa bwawa ulijengwa kwa mawe na chokaa, mbili, ukafika kimo cha futi tisini, tatu, Revati zima gesi." Mwandishi aliandika yote. Msahihishaji aliweka alama ya kuuliza pembeni mwa gesi.

Sura ya kumi na tisa ikaja siku ya pili. Kurasa mbili za kina cha mitaro, halafu kitambaa.

"Revati! Kipini changu kiko wapi? Kile cha lulu, cha mama mkwe wangu! Nilikuwa nacho puani juzi niliporudi kwenye sherehe ya kina mama."

"Sijakiona, mama."

"Wewe ndiye uliyefuta rafu."

"Ndiyo, mama."

Ketaki aliketi wima kitandani. Akarudisha sura ya kumi na nane, dakika ya ishirini na moja. *Hebu kaa humo kwanza.* Ting. Shhh. Kifuniko.

Kaku alikiweka mwenyewe, na amesahau.

Sura ya ishirini ilikuwa mbaya zaidi. "Harusi ya mpwa wangu ni Alhamisi," Kaku alisema chini ya kitambaa. "Niende na pua tupu kama mjane wa sinema? Kesho baada ya chai ya saa kumi na moja nampigia mama yako. Aseme mwenyewe kama kipini kimekwenda kwao."

Katika sura zote ishirini, ukiacha lile "Sijakiona", Revati alikuwa na jibu moja, "Ndiyo, mama," na Mzee Apte alikuwa akidai amezihesabu. Safari hii hakujibu. Ketaki alisikia bomba likifunguliwa, maji yakianguka kwenye sinki tupu, bila sahani, bila sufuria. Maji ya bure. Mtu hufungua bomba la namna hiyo ili asisikike akilia.

Asubuhi yake Ketaki alikwenda maktabani, akakuta baraza limekwisha kaa. Wasikilizaji zaidi ya ishirini walikuwa kwenye veranda, kila mmoja na glasi ya chai, wanabishana kuliko bungeni.

"Ni kopo la stili," alisema Mzee Apte. "Limejaa nusu. Kifuniko kimelegea upande wa kushoto. Ndani ni ufuta."

"Ufuta wapi!" alisema mama mmoja. "Ile shhh ni ya haradali. Ufuta unasema ssss."

"Mama, mimi nimetengeneza vinanda miaka arobaini na tano. Utanifundisha ssss?"

"Kinanda kina haradali?"

"Jamani," Ketaki alisema, "tunamwambia lini?"

Hata chai ilikoma kunyweka. Kisha Milind akasema kwa sauti ya mtu aliyekanyaga kitu, "Tunamwambia nani?"

"Kaku. Kwamba kipini kimo koponi."

"Na tumejuaje?" Milind alianza kuhema. "Ketaki, dada yangu, fikiri. Ukimwambia, atajua tunasikia. Akijua tunasikia, ataacha kusoma. Nani atasoma juzuu la tatu? Nimeshaliagiza!"

"Na mimi bado sijajua kama dada yake wa Satara aliweka meno mapya," alisema mtu wa nyuma.

"Kuna binti wa watu analia kwenye sinki!"

"Hata Revati ana mdomo," alisema yule mama wa haradali. "Hautumii tu."

Ketaki asingeweza kujifanya mtakatifu kuliko wao. Wao wangepoteza umbea. Yeye angepoteza sura tisa. Usiku mzima alikuwa amejiambia kwamba harusi itapita, kipini kitaonekana siku mtu akipika, mambo yatatulia. Lakini kila alipojiambia hivyo alisikia maji ya bure.

"Kuna njia," Mzee Apte alisema polepole. Alisema kama mtu anayekunywa dawa chungu. "Wenye macho wanaaminije kuhusu sisi?"

"Kwamba tuna jicho la tatu," watu wakajibu kwa pamoja, kwa uchovu.

"Kwamba Mungu akifunga dirisha la macho hufungua roshani mahali pengine," akaongeza mmoja, na watu wakaguna. Kila mmoja alishaambiwa hivyo, na mara nyingi kwenye foleni.

"Miaka sabini nawaambia watu sina jicho la tatu," alisema Mzee Apte. "Nina masikio tu, na la kulia bovu. Leo nitakuwa nalo. Tunakwenda kumshukuru Kaku. Tukiwa pale, mimi napatwa na maono. Naingia jikoni, napapasa, nagonga makopo, nalipata. Hakuna aliyesikia chochote."

Walikwenda wawili, yeye na Ketaki, wakafika saa nane mchana, maana simu kwa mama yake Revati ilikuwa inangoja chai tu. Mzee Apte, mzaliwa wa mji huo, alijua kabisa kwamba kubonyeza kengele ya mtaa wa Sadashiv saa nane mchana ni kosa dogo kidogo kuliko kuua. Akabonyeza. Mara mbili.

Mlango ulifunguka kama uliopigwa teke. "Hamkuona tangazo hapo?" ilisema ile sauti ya kengele, mbichi, bila simu katikati. "Limeandikwa kwa herufi kubwa: *Saa saba hadi saa kumi usiguse kengele. Hatujafa, tumelala.* Hamkuona?"

"Hapana, mama," alisema Mzee Apte kwa upole. "Hatukuona."

Ketaki alisikia Kaku akizitazama fimbo mbili nyeupe. Ukimya wa namna hiyo anaufahamu.

"Uwii," Kaku alisema. "Ingieni, ingieni. Revati, maji! Chai! Weka na biskuti zile za wageni, si zile za Nana."

Waliketi. Ketaki alijua chumba kile kama kiganja chake: saa ya ukutani inayochelewa, feni inayolalamika kila mzunguko wa saba, mkoromo wa Nana nyuma ya pazia. Ilibidi ajizuie asiulize habari za kitasa cha bafu kilichoharibika kwenye sura ya kumi na moja.

"Huyu ni Ketaki," Mzee Apte alianza, "mpenzi mkubwa wa umwagiliaji. Na mimi pia. Sisi sote. Mchana na usiku ni mifereji tu."

"Mungu awabariki," Kaku alisema, na sauti yake ikalainika mpaka Ketaki akaona haya.

Hapo Mzee Apte akashusha pumzi ndefu na kupandisha kidevu. "Mama… ngoja. Nahisi kitu. Kitu kimepotea humu ndani."

Kaku akapiga kite. "Umejuaje?"

"Kinang'aa. Ni cha duara. Kinakaa… juu ya mdomo."

"Kipini changu! Nana, amka! Revati! Ana jicho la tatu huyu!"

"Hm," alisema Nana nyuma ya pazia, akaendelea kukoroma.

"Naona nafaka," Mzee Apte aliendelea, sasa akinogewa. "Naona chuma. Naona giza totoro."

"Giza umelizoea, mzee," Ketaki alimnong'oneza. "Fupisha."

Wakaingia jikoni. Kaku alikuwa na makopo hamsini na matatu. Aliyatangaza kwa fahari. Mzee Apte akaomba kijiko, akaanza kuyagonga moja baada ya jingine, kichwa kimeinama upande wa sikio zima. Ting. "Hapana." Tung. "Dengu. Hapana." Ting. "Mchele, wa zamani. Hapana." Kaku alimfuata nyuma akimtajia dua. Revati alisimama karibu na sinki. Ketaki alisikia bangili zake zikitetema kidogo, kama mtu anayebana mikono.

Kwenye kopo la thelathini na moja Mzee Apte alisimama. Akaligonga tena. Akalitikisa. Akatabasamu mpaka ikasikika.

"Stili. Nusu. Kifuniko kimelegea kushoto. Ufuta!" Akalinyanyua kama kombe la kriketi. "Fungua, mama."

Kaku akafungua. Akamwaga ufuta wote kwenye sinia. Wakausambaza kwa vidole, vidole ishirini na kitu, kutoka ukingo hadi ukingo.

Ulikuwa ufuta mtupu.

"Ajabu," Mzee Apte alisema. Kidevu kilikuwa kimeshuka. "Maono huwa… yanateleza teleza."

Lakini Kaku hakulaumu maono. Kaku aliyaamini. "Basi ni kweli," alisema, na sauti ilikuwa imebadilika. "Jicho la tatu limezunguka jiko zima, limeona nafaka, limeona chuma, kipini halijakiona. Maana yake hakimo humu ndani. Kimetoka. Nilisema mimi." Akavuta simu. "Sisubiri chai. Revati, nambari ya mama yako inaishia na ngapi?"

Bangili za Revati hazikutetema tena.

Ketaki aliwazia sura tisa, chumba cha mtihani, dawati, duka la mjomba na ngozi zake zote, mbovu na nzima. Aliviwazia haraka, kwa sababu alijua akichelewa atashindwa.

"Kaku, weka simu chini," alisema. "Tafadhali. Sura ya kumi na nane, dakika ya ishirini na moja."

"Nini?"

"Binti," Mzee Apte alisema kwa hofu, "jicho la tatu linaweza kujaribu tena—"

"Mzee, funga roshani." Ketaki akatoa simu yake, akatafuta mahali kwa kidole, akaibonyeza.

Jiko likajaa Kaku. *Kipini gani hiki cha balaa! Kila nikisema 'mfereji' kinagonga simu. Hebu kaa humo kwanza.* Ting. Shhh. Kifuniko.

Hakuna aliyepumua isipokuwa Nana.

"Rudisha," alisema Revati. Ilikuwa mara ya kwanza Ketaki kumsikia akisema neno lingine kwa sauti kamili, na ilikuwa sauti nzuri, nzito. Ketaki akarudisha. Ting. Shhh.

"Hilo si kopo la jikoni," Revati alisema. "Hilo ni kopo la shamari la baba mkwe, linalokaa mezani. Anatafuna baada ya kula, halafu analala nalo chini ya mto."

"Shamari!" alifoka Mzee Apte. "Nilisema ni mbegu nyepesi!"

"Ulisema ufuta, mzee."

Pazia likavutwa. Nana akaviringishwa upande, mto ukanyanyuliwa, kopo likafunguliwa, na Revati akasema, "Kipo." Basi. Hakuongeza hata nukta.

Nana alikuwa ameamka. "Kuna kitu kilinigonga jino juzi," alisema.

"Na hukusema?" Kaku alipiga kelele.

"Kwani uliniuliza?" Akageukia ukutani.

Kaku akaketi. Kiti kililia. Kitambaa cha jikoni kikakwaruza mapajani mwake.

"Kitambaa," alisema mwishowe. "Hakizimi?"

"Hakizimi, Kaku."

"Ya muuza maziwa mliyasikia?"

"Ndiyo."

"Dada yangu wa Satara na meno yake?"

"Ndiyo, Kaku."

"Na ile ya Nana na soksi?"

"Ile," alisema Mzee Apte kwa unyenyekevu, "niliisikiliza mara tatu."

"Watu thelathini na wanane," Kaku alisema. "Na mimi nilivishwa shali! Ile nazi niliila kwa furaha!" Akavuta pumzi. "Wangapi walikuwa wanasikiliza maji?"

Ketaki angeweza kudanganya. Angesema kumi. Hata kumi na tano. "Mmoja," alisema. "Mimi. Nina mtihani."

"Mmoja."

"Lakini huyo mmoja hakuruka hata mstari, Kaku."

Kitabu cha mezani kilifungwa; kilikuwa kinene na kilifungwa kama mlango. "Nendeni," Kaku alisema. "Ni saa ya kulala."

Revati aliwasindikiza hadi chini. Hakumshika Ketaki mkono na kumburuza kama wengi wafanyavyo. Alimpa kiwiko, Ketaki akakishika, wakashuka ngazi sawasawa. Getini akauliza, "Zimebaki sura ngapi?"

"Tisa."

"Revati!" iliita sauti juu.

"Naja," alisema Revati, na hakukimbia.

Siku mbili hazikuja sura. Ketaki alisikiliza upya zile ishirini mpaka akawa anaota mitaro. Baba alipiga simu kumwambia ngozi mpya ya nyati imefika na ina harufu ya ajabu, nzuri, atapenda. Kwenye veranda ya maktaba watu hawakumsemesha. Mama wa haradali alimwambia tu, "Umetuua njaa, mwanangu," kisha akamnunulia chai, maana hakuwa mtu mbaya.

Siku ya tatu Milind alimpigia. Alizungumza kama mtu aliyesimama wima kwa amri. "Kaku yuko hapa. Ana kitabu kwapani. Revati amebeba kiti. Anataka orodha ya waazimaji wote."

"Ya nini?"

"Anasema kesho saa mbili asubuhi, ukumbini, watu wote thelathini na wanane. Anasema simu haiamini tena. Atasoma mdomo kwa sikio. Anasema asiyekuja atamfuata nyumbani kwake, amsomee kitandani."

Walikuja wote. Wengine walikuja kwa aibu, na wengine, tusidanganyane, walikuja na matumaini. Ukumbi ulinong'ona mpaka fimbo ya Kaku, ambaye hana haja ya fimbo lakini alikuwa ameiazima kwa Milind, ilipogonga meza.

"Mlisema mnapenda umwagiliaji," alisema. "Nimekuja kuwapa. Sura ya ishirini na moja. Mteremko wa mifereji na matatizo yake."

Akasoma. Alisoma vizuri kuliko alivyowahi kusoma, bila sufuria, bila filimbi, bila neno moja la nyumbani. Ketaki alikuwa mstari wa mbele na ubao wake wa nukta nundu, akichoma karatasi kwa kasi ya mvua juu ya bati. Nyuma yake watu thelathini na saba waliteseka kwa adabu.

"Mzee Apte!"

"Naam!" Mzee Apte alishtuka usingizini.

"Mfereji mkuu unateremka kiasi gani kwa kila maili?"

"Kwa… kwa masikitiko, mama."

"Inchi nane. Rudia."

"Inchi nane."

"Mwenye jicho la tatu ataulizwa tena kesho. Sura ya ishirini na mbili."

Siku ya pili, katikati ya ushuru wa maji, Revati aliyeketi kando ya Kaku alisema, kwa ile sauti yake nzito, "Umeruka mstari, mama." Ukumbi mzima ukainama mbele. Glasi zilisimama hewani. Mama wa haradali alishika mkono wa jirani yake ambaye hakumjua. Sasa, walifikiri, sasa ndiyo sasa.

"Nimeruka," alisema Kaku. Akarudi nyuma, akausoma mstari.

Ukumbi ukashusha pumzi ya huzuni.

Siku ya tatu, zikiwa zimebaki siku tatu tu kabla ya mtihani, saa tano na nusu asubuhi, sura ya ishirini na tisa ilifika ukingoni. Maji yalikuwa yamefika kila shamba. Mzee Apte alikuwa amejibu maswali manne na kupata mawili, na alikuwa anajivuna. Ketaki alipapasa rundo lake la karatasi, akapitisha kidole juu ya nukta za mwisho. Sura tisa, zote, hakuna gesi hata moja. Nyuma yake viti vilianza kusogea, na fimbo zikakunjuliwa, klak, klak, klak.

"Mnakwenda wapi?" alisema Kaku.

Fimbo zikanyamaza.

"Bado faharasa," alisema, akifungua ukurasa kwa kidole alichokilamba. "Kurasa arobaini na moja. Kaeni. Herufi ya kwanza."

Ketaki akaweka karatasi mpya.